Namna ya kuandika makala ya kumuaga kocha wa kikapu wa chuo kikuu

Chukua makala yoyote ya shabiki inayomuaga kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha Marekani. Futa jina la kocha, futa jina la chuo na rangi ya jezi, kisha mpe mtu anayeujua mchezo aisome. Mara nyingi hatajua ni ya nani. Imejaa mataji, "baba kwa vijana wake", "moyo wa kutokata tamaa" na machozi ya siku ya mwisho, yaani mambo ambayo kila kocha aliyekaa miaka 20 anayo. Mwongozo huu ni wa kuandika ile nyingine, ambayo hata jina likifutwa msomaji anamtambua mtu kabla aya ya pili haijaisha.

Ugumu unatokana na mchezo wenyewe. Mchezaji wa chuo kwa desturi ana misimu minne, na siku hizi wengi huhama kabla haijatimia. Kocha wa miaka 30 amepitisha vizazi saba au nane vya timu zisizofanana kwa urefu, kasi wala kipaji. Kinachobaki uwanjani muda wote huo ni namna yake ya kufanya kazi: jinsi timu inavyolinda, inavyotoka kwenye mapumziko, jinsi mchezaji anavyokaa benchi baada ya kutolewa. Tafuta kitu kimoja cha namna hiyo, kihakikishe kwa macho na kwa hesabu, halafu jenga makala juu yake.

Hakikisha kwanza kwamba anastaafu

Makocha huondoka kwa njia nyingi, na kila njia inakupa muda tofauti wa kujiandaa. Mike Krzyzewski wa Duke alitangaza Juni 2021 kwamba msimu wa 2021–22 ndio wa mwisho, kwa hiyo mashabiki walikuwa na msimu mzima. Jay Wright wa Villanova alitangaza Aprili 20, 2022, siku 18 tu baada ya timu yake kufungwa na Kansas katika nusu fainali ya kitaifa, ile inayoitwa Final Four. Tony Bennett wa Virginia aliondoka Oktoba 2024, msimu ukiwa mlangoni. Bo Ryan wa Wisconsin aliiachia timu Desemba 2015, katikati ya msimu, na msaidizi wake Greg Gard akaishika. Roy Williams wa North Carolina alitangaza Aprili 1, 2021, Siku ya Wajinga, na haukuwa mzaha.

Subiri taarifa ya chuo chenyewe na usome neno lililotumika. Kustaafu, kujiuzulu na kuachana kwa makubaliano ni vitu vitatu. Chuo kikivunja mkataba na kulipa fidia, huyo hakustaafu, hata kama barua imeandikwa kwa lugha laini. Bado unaweza kumuaga kwa heshima, ila usimpe uamuzi ambao haukuwa wake.

Kama anaondoka kwa sababu ya ugonjwa, andika kile tu alichokitangaza mwenyewe. Pat Summitt wa Tennessee alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba ana Alzheimer, akafundisha msimu mmoja zaidi, akaachia timu Aprili 2012. Kwake hilo lilikuwa jambo la wazi. Kwa kocha ambaye hajasema kitu, kukisia ni kuvuka mpaka.

Hesabu za ushindi: hapa ndipo wengi wanapoanguka

Vyanzo viwili vinatosha: kitabu cha rekodi cha timu, ambacho idara ya michezo ya chuo hukitoa kila msimu, na kitabu cha rekodi cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Vikipishana, kuna sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni mojawapo ya hizi.

Ya kwanza ni jumla ya maisha dhidi ya jumla ya chuo kimoja. Krzyzewski ana ushindi 1,202, lakini 73 kati ya hizo alizipata Army, timu ya chuo cha kijeshi, kabla hajaenda Duke, na 1,129 ni za Duke. Ukiandika "aliipa Duke ushindi 1,202" umekosea kwa mechi 73, na shabiki wa kwanza atakayesoma atakwambia.

Ya pili ni mechi ambazo kocha hakuwepo. Msimu wa 1994–95 Krzyzewski aliacha kufundisha baada ya mechi 12 kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Rekodi yake ya msimu huo ni ushindi 9 na vipigo 3; mechi zilizobaki, ushindi 4 na vipigo 15, zimeandikwa kwa msaidizi wake Pete Gaudet. Tara VanDerveer wa Stanford alichukua likizo msimu mzima wa 1995–96 ili kuiandaa timu ya wanawake ya Marekani kwa Olimpiki, na ushindi wa Stanford wa msimu ule haumo kwenye jumla yake. Kwa hiyo usijumlishe ushindi wa chuo kuanzia mwaka alioajiriwa hadi alioondoka ukadhani umepata jibu.

Ya tatu ndiyo chungu: ushindi uliofutwa. Jim Boeheim alikaa Syracuse misimu 47, akatwaa ubingwa wa 2003, na uwanjani timu zake zilishinda mechi 1,116. NCAA ilifuta 101 kutokana na ukiukaji wa kanuni, kwa hiyo rekodi rasmi ni 1,015. Ukitaja 1,116 bila maelezo, utasahihishwa. Ukitaja 1,015 bila maelezo, shabiki wa Syracuse aliyekuwa jukwaani siku zile atashangaa mechi zake zimekwenda wapi. Tumia rasmi, kisha sentensi moja ya maelezo.

Halafu kuna mwaka 2020, ambao hakukuwa na mashindano ya NCAA kabisa kwa sababu ya korona. Usiandike kwamba kocha "alikosa kufuzu" mwaka huo, na kama unahesabu miaka mfululizo ya kufuzu, angalia chuo kinauhesabu vipi.

Ukilinganisha vizazi, chunguza kanuni za kila kizazi. John Wooden alitwaa mataji 10 akiwa UCLA kati ya 1964 na 1975, na mengi kati ya hayo yalihitaji ushindi wa mechi nne tu katika mashindano. Tangu 1985, mashindano yalipofikia timu 64, bingwa hushinda mechi sita. Hilo halimshushi Wooden hata kidogo: miaka ile, hadi 1974, kila konferensi (kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja) ilipeleka timu moja tu, kwa hiyo kupoteza ligi kulikuwa kupoteza kila kitu. Lakini ukiweka mataji kando kwa kando bila kusema hivyo, unalinganisha kanzu na koti.

Pointi nazo zina mtego wake. Upande wa wanaume, saa ya kushambulia, yaani muda ambao timu lazima iwe imetupa mpira kikapuni, ilianza 1985–86 kwa sekunde 45, ikashuka hadi 35 mwaka 1993–94 na 30 mwaka 2015–16. Mstari wa pointi tatu uliingia nchi nzima 1986–87, ukasogezwa nyuma 2008–09 na tena 2019–20. Wanawake wana kalenda yao: tangu 2015–16 wanacheza robo nne za dakika 10, huku wanaume wakibaki na vipindi viwili vya dakika 20. Wastani wa pointi wa mwaka 1984 na wa mwaka 2020 si wa mchezo mmoja.

Njia salama ni kuhesabu pointi kwa kila mashambulizi 100. Chukua karatasi ya takwimu za mechi na upige hesabu hii kwa timu moja: mitupo ya kawaida iliyojaribiwa, toa ribaundi za kushambulia (mipira ambayo timu iliikosa kikapuni kisha ikaiokota yenyewe), jumlisha mipira iliyopotezwa, jumlisha mitupo huru mara 0.475. Tuseme timu imejaribu mitupo 58, ikachukua ribaundi 9 za kushambulia, ikapoteza mipira 11 na kupewa mitupo huru 20. Hiyo ni 58 − 9 + 11 + 9.5, yaani mashambulizi 69.5. Kama ilifunga pointi 76, gawanya kwa 69.5 na uzidishe kwa 100: karibu 109. Ile 0.475 ipo kwa sababu mitupo huru huja kwa jozi, mara nyingine mmoja mmoja, na si kila mtupo humaliza shambulizi. Kosa la kawaida ni kusahau kutoa ribaundi za kushambulia. Timu iliyokosa ikaokota mpira wake bado iko kwenye shambulizi lilelile.

Hesabu hii itakuokoa hasa ukiandika kuhusu kocha wa mwendo wa taratibu. Timu za Bennett ziliruhusu pointi chache kwa sababu mbili: zililinda vizuri, na pia zilicheza taratibu, hivyo mpinzani alipata mashambulizi machache. Ukitaja wastani wa pointi pekee, sababu hizo mbili zinachanganyika, na nusu ya sifa unayompa inatokana na mwendo wa taratibu tu.

Tazama mechi tatu, nzima

Video za matukio bora hazitakusaidia. Zinaonyesha mpira ukiingia, wakati kazi ya kocha iko kwenye sekunde 20 zilizotangulia. Tafuta mechi tatu kamili: moja ya miaka yake ya mwanzo, moja ya katikati, moja ya mwisho, na angalau moja iwe kipigo. Ya mwanzo isikupite. Misimu mitatu ya kwanza ya Krzyzewski pale Duke ilikuwa ushindi 38 na vipigo 47, na ukiitazama timu ile utajua ni kipi alikuja nacho na ni kipi alijifunza baadaye.

Gawanya karatasi kwa mapumziko ya matangazo. Kwenye mchezo wa wanaume huitwa pale mchezo unaposimama kwa mara ya kwanza baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 za kila kipindi. Unapata vipande kumi kwa mechi bila kujisumbua. Katika kila kipande andika vitu vitatu: shambulizi la kwanza baada ya mapumziko liliishaje, nani aliingia na nani alitoka, na timu ilikuwa ikilinda mtu kwa mtu au kwa eneo.

Kisha tumia kitufe cha kusimamisha picha. Kwa timu ya Boeheim, simamisha mpira unapovuka katikati: utaona wawili juu na watatu chini, mikono imetanuliwa, hasa katika mechi za miaka yake ya baadaye. Kwa timu ya Bennett, simamisha mpira ukiwa pembeni. Mmoja anambana mwenye mpira, na wanne wengine wako ndani ya upinde wa kufikirika wa mita kama tano kutoka kikapuni, kila mmoja akiwa tayari kuziba njia ya anayejaribu kupenya. Ulinzi huo aliurithi kwa baba yake, Dick Bennett, na hapo tayari una makala.

Usitoe asilimia kutokana na mechi tatu. Mashambulizi 30 ya baada ya mapumziko ni machache mno. Kikapu kimoja cha bahati kinabadilisha picha yote. Andika "mara nyingi" na utoe mfano mmoja uliouona.

Mfano mmoja ukiandikwa vizuri unabeba makala nzima. Machi 1996, Pete Carril, aliyeifundisha Princeton tangu 1967, alikuwa ameshatangaza kuondoka. Katika raundi ya kwanza walikutana na UCLA, mabingwa watetezi. Dakika za lala salama matokeo yalikuwa 41–41. Senta Steve Goodrich alishika mpira juu, mbali na kikapu. Gabe Lewullis, mchezaji wa mwaka wa kwanza, alikata kuelekea ndani, hakuwa wazi, akatoka. Alikata tena nyuma ya mlinzi wake, pasi ya kudunda ikamkuta njiani, akaupachika mpira kwa kutumia ubao. 43–41, na UCLA ikaaga mashindano. Mbinu ile ya kumpita mlinzi kwa nyuma Carril alikuwa akiifundisha kwa karibu miaka 30. Eleza hatua zile mbili za Lewullis, ile iliyoshindwa na ile iliyofaulu, na msomaji hatahitaji kuambiwa kwamba Carril alikuwa mvumilivu.

Wakati mwingine kitu chenyewe hakiko kwenye mchezo. Wooden alianza msimu kwa kuwaonyesha wachezaji jinsi ya kuvaa soksi: vuta, lainisha mikunjo kidoleni na kisiginoni, kisha funga kamba za kiatu kwa mpangilio. Mkunjo huleta lengelenge, lengelenge humtoa mtu mazoezini. Dean Smith wa North Carolina alitaka mchezaji aliyefunga amnyooshee kidole aliyempa pasi.

Kuandika

Maneno 800 hadi 1,000 yanatosha. Zaidi ya hapo unaanza kurudia, chini ya hapo mfano wako mkuu hautapata nafasi. Anza na kile kitu kimoja, kikiwa kinatendeka, si na idadi ya ushindi. Idadi ije aya ya pili au ya tatu, na takwimu zisizidi nne katika makala yote. Jaribu kuweka tano na utaona aya inavyogeuka jedwali.

Sentensi dhaifu husema: "Alijenga utamaduni wa kusaidiana." Sentensi yenye nguvu husema: "Mchezaji wake akifunga, kidole kilimwelekea mtoa pasi kabla hajarudi kulinda." Pitia rasimu yako na kila unapokuta neno kama utamaduni, nidhamu, moyo au urithi, jiulize lilionekanaje. Usipopata jibu, lifute.

Nyakati za vitenzi zina hatari yake. Kiswahili cha kumuaga mtu kinateleza upesi kuwa cha taazia. "Alikuwa mtu mpole, aliwapenda vijana wake" inasomeka kana kwamba amezikwa jana. Anastaafu, hajafa. Mechi na misimu viandike kwa -li-, mazoea ya kazini kwa "alikuwa aki-", lakini tabia na maarifa yake viache kwenye -na-: anajua, anapenda, ana hasira za karibu. Na neno "mwalimu" linafaa mara moja moja badala ya kocha, hasa ukieleza mazoezi. Mara tano katika aya moja ni mahubiri.

Doa lisizikwe. Kama kuna adhabu, ushindi uliofutwa au ugomvi unaojulikana, weka sentensi mbili katikati ya makala, wala si mwishoni ambako litasomeka kama hukumu, wala si mwanzoni ambako litameza yote. Msomaji anayemjua kocha anasubiri aone kama utalitaja. Ukilikwepa, haamini hata sifa ulizoziandika kwa haki. Vivyo hivyo kwa kipigo kikubwa: Virginia ya Bennett mwaka 2018 ilikuwa timu ya kwanza ya wanaume iliyopangwa nafasi ya 1 (ya juu kabisa kati ya 16 za kanda yake) kufungwa na ya nafasi ya 16, chuo cha UMBC, 74–54. Mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Texas Tech 85–77 katika muda wa nyongeza. Ukiondoa ya kwanza, ya pili inapungua uzito.

Usiandike mwisho kabla haujatokea. Machi 5, 2022 Krzyzewski alicheza mechi yake ya mwisho nyumbani, wachezaji wake wa zamani karibu 100 wakiwa ukumbini, na North Carolina ikashinda 94–81. Mwezi uliofuata timu hiyo hiyo ikamfunga 81–77 kwenye Final Four, na ndiyo ikawa mechi yake ya mwisho kabisa. Makala iliyojengwa juu ya tamati ya shangwe ingelazimika kuvunjwa mara mbili. Iliyojengwa juu ya jinsi timu zake zilivyolinda ingehitaji kubadilishwa sentensi moja.

Ukitaka pia kubeba bango siku ya mwisho, hesabu umbali: kila mita tatu zinahitaji herufi ya urefu wa sentimita 2.5 hivi ili isomeke kwa urahisi. Kwa mita 30, herufi ni sentimita 25, maana yake maneno mawili au matatu tu. Uliza ukumbi kuhusu vijiti na ukubwa kabla hujapaka rangi.

Kabla ya kuichapisha

Mpe mtu wa timu pinzani aisome. Huyo ndiye atakayeona umeongeza chumvi wapi. Kagua upya tahajia ya Krzyzewski herufi kwa herufi, kwa sababu z zote mbili hupotea. Kagua mwaka wa msimu: ubingwa wa msimu wa 2018–19 huandikwa wa 2019, kwa kuwa fainali huchezwa Aprili.

Neno la mwisho la kukagua ni "anaongoza". VanDerveer alistaafu Aprili 2024 akiwa na ushindi 1,216, mwingi kuliko wa kocha mwingine yeyote wa kikapu wa NCAA, wanaume kwa wanawake. Novemba 20 mwaka huohuo Geno Auriemma wa Connecticut alifikisha 1,217. Aliyeandika "alipostaafu alikuwa anaongoza" hakuhitaji kugusa kitu. Weka mstari mmoja chini ya makala unaotaja tarehe ambayo takwimu zako zinaishia.